Dola 149 za Yaya: kisa cha dawa inayojilipisha kila siku 28

Tangazo la dawa ya kupunguza uzito lilisema dola 149. Miezi 11 baadaye zilikuwa zimetoka dola 4,278, na hakuna hata senti moja iliyoibwa. Kila kitu kilikuwemo kwenye masharti ambayo mwenye kadi aliyakubali mwenyewe, kwa kidole chake. Ndiyo maana nimeona kisa hiki kinafaa kuchambuliwa. Wizi ungekuwa rahisi kueleza.

Mhusika ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa Katuba hapa Lubumbashi, ambaye siku hizi anaishi Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, kazi ya kusimama zamu nzima. Nyumbani wanamwita Yaya, yaani dada mkubwa, nami nitamwita hivyo hivyo. Kila mwezi alikuwa akituma dola 250: dawa ya presha ya mama yao, chakula kidogo, na karo ya watoto wawili wa marehemu kaka yao. (Shule ya msingi ya serikali ni bure Kongo tangu 2019, lakini hao wawili wako sekondari, na huko minervali, yaani karo, haijaenda popote.) Desemba 2024 zilifika 100. Januari 150. Machi hazikufika kabisa.

Mnajua maneno yanavyozaliwa kwenye familia. Kuna aliyesema amesahau alikotoka, kuna aliyesema amepata mwanaume anayemla. Mdogo wake, anayeuza vipuri vya magari pale Kenya (komuni ya hapa Lubumbashi, si nchi), ndiye aliyeuliza moja kwa moja kwa ujumbe wa sauti: "Yaya, feza inaendaka wapi?" Yaya alinyamaza kwanza. Kisha akatuma relevé za benki yake, yaani taarifa za akaunti, miezi yote, bila neno hata moja. Mdogo mtu akaniletea mimi kwa kuwa uhasibu ndiyo kazi inayonilisha. Wenyewe wameniruhusu kuandika, mradi majina yabaki nyumbani.

Niliziprinti relevé zile nikazipitia kwa kalamu za rangi, kama ninavyofanya kwa mteja yeyote. Jambo la kwanza lililojitokeza: familia nzima ilikuwa ikizungumzia "abonema ya dawa" (malipo yanayojirudia yenyewe), moja, na Yaya mwenyewe pia. Kwenye karatasi zilikuwa tatu. Jina la kwanza lilikuwa la famasi ya jimbo jingine kabisa, inayotuma dawa kwa posta. La pili lilikuwa la kampuni yenye programu ya simu, ambako Yaya alizungumza na daktari. La tatu, lililoanza Januari, lilikuwa la kampuni nyingine tena, kwa dawa ya presha. Majina yenyewe yalikatwakatwa na mashine ya benki hadi yakabaki herufi zisizosomeka. Mtu aliyechoka, anayefungua relevé saa tano usiku baada ya zamu, ataona mstari wa dola 39 na kuupita.

Tuanze na kubwa. Yaya alikuwa na kilo 104, magoti yanamuuma, na kipimo cha sukari kilikuwa kimeonyesha yuko mpakani, hajafika kisukari lakini anakisogelea. Daktari wa mtandaoni alimwandikia semaglutide, sindano ya mara moja kwa wiki. Si dawa ya kubahatisha. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, wenye watu 1,961, ulionyesha kuwa waliotumia dawa hiyo walipungua karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wastani ndani ya wiki 68. Yaya naye alishuka hadi kilo 91. Nasema haya mapema kwa sababu hapa kwetu wengi wanamalizia mjadala mahali hapo: kulipa ili ukonde! Mama yake Katuba alipoona picha aliuliza kama huko Marekani hawampi chakula. Lakini anayesimama saa nane kwa magoti yale hanunui urembo.

Sasa malipo. Tarehe 9 Septemba 2024 zilikatwa 149, bei ya kukaribisha mgeni. Tarehe 7 Oktoba, 249. Tarehe 4 Novemba, 249. Tarehe 2 Desemba, 249. Na tarehe 30 Desemba, 299.

Hapo nilisimama. Desemba imekatwa mara mbili, na Yaya aliamini hadi siku ile kwamba benki ilikosea. Benki haikukosea. Sindano nne za wiki moja moja ni siku 28, na famasi ilikuwa ikihesabu kwa siku 28, si kwa mwezi wa kalenda. Mwaka una miezi 12, lakini una vipindi 13 vya siku 28. Mtu anayezidisha bei kwa 12 tayari amejipunja malipo mazima, na malipo hayo ya ziada hayaji kwa kugawanywa vipande vidogo. Yanadondoka yote siku moja, kwenye mwezi usioujua. Kwa Yaya yalidondokea kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Dola 100 zile zilizofika Katuba, ambazo zilimletea matusi, zinaelezeka na mstari huo mmoja.

Kwa nini ilipanda kutoka 249 hadi 299? Dawa hii huanza na dozi ndogo ili tumbo lizoee, kisha hupandishwa hatua kwa hatua: miligramu 0.25, 0.5, 1, 1.7, hadi 2.4, kila hatua wiki nne kwa utaratibu wa kawaida. Kuna huduma zinazoweka bei moja kwa dozi zote, na kuna zinazopandisha bei pamoja na dozi. Ya Yaya ilikuwa ya aina ya pili. Bei inayoonyeshwa kwenye tangazo ni ya dozi ambayo kwa mpango wa matibabu yenyewe mgonjwa hapaswi kubaki nayo! Kwangu hili ndilo ovu kuliko yote kwenye karatasi zile, ingawa limeandikwa wazi kwenye jedwali la ukurasa wa pili wa masharti.

Kuanzia Desemba 30 hadi tarehe 21 Aprili 2025 zilikatwa 299 mara tano. Kisha tarehe 19 Mei: 499. Yaya alidhani kampuni imemgeuka. Kilichotokea ni kikubwa kuliko kampuni yake. Alichokuwa akidungwa hakikuwa Wegovy yenyewe, semaglutide ya kampuni ya Novo Nordisk, ambayo bei yake ya orodha Marekani ilikuwa inapita dola 1,300 kwa mwezi. Kilikuwa semaglutide iliyochanganywa na famasi, inayokuja kwenye kichupa na bomba la sindano, na ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaikagua wala kuiidhinisha kama bidhaa. Sheria iliwaruhusu wachanganyaji kuitengeneza kwa wingi ule kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa kwenye orodha ya dawa adimu. Tarehe 21 Februari 2025 FDA ilitangaza kuwa uhaba umekwisha, ikawapa famasi ndogo hadi 22 Aprili na viwanda vya uchanganyaji hadi 22 Mei. Malipo ya mwisho ya Yaya ya dola 299 ni ya siku moja kabla ya mlango kufungwa. Baada ya hapo alihamishiwa Wegovy halisi kwa dola 499, bei ambayo Novo Nordisk ilikuwa imeanza kuwapa wanunuzi wasiotumia bima tangu Machi mwaka huo.

Je, aliambiwa? Aliambiwa, kwa barua pepe. Ilikuwa na kichwa cha habari kizuri kuhusu "safari yako ya afya", na bei mpya ilikuwa aya ya nne. Kadi ilikuwa imehifadhiwa, ridhaa ilikuwa ya zamani, basi ikaendelea.

Mei, Juni na Julai zikatoka 499 mara tatu. Jumla ya dawa peke yake: 3,888.

Mstari wa dola 39 sasa. Huo ulikuwa uanachama wa programu: mwezi wa kwanza bure, halafu tarehe 9 ya kila mwezi, mara kumi, 390. Uanachama ulilipia nini? Daktari kukagua fomu, muuguzi kujibu ujumbe, na vikumbusho vya sindano. Wakati wa dozi kupanda, huduma hiyo ilikuwa na thamani. Yaya alitapika sana Novemba na muuguzi alimjibu usiku ule ule. Ila kuanzia Mei, dawa ikitoka moja kwa moja kwa mtengenezaji na dozi ikiwa imetulia, sioni kilichonunuliwa na zile 39. Angeweza kuendelea na daktari yeyote mwenye leseni ya Iowa.

Ukijumlisha, 4,278. Nikamuuliza Yaya kwa simu, kabla sijamtajia, anadhani analipa ngapi kwa mwezi. Alijibu bila kusita, kwa Kifaransa kama watu wa hapa wanavyotaja pesa: "Cent quarante-neuf (149), na kidogo juu." Wastani halisi ulikuwa 389. Alikaa kimya, kisha akasema: "Aba, njo maana" (kumbe, ndiyo maana). Mdogo wake alitaka tugawe pesa kwa kilo zilizopungua, tuone kila kilo ilimgharimu ngapi. Nilikataa kuiandika hesabu hiyo, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini.

Abonema ya tatu inaniudhi zaidi, ingawa ni ndogo. Dola 30 kila mwezi kwa lisinopril, kidonge cha presha ambacho ni cha zamani na ni cha bei rahisi mno. Marekani, maduka ya Walmart yana orodha ya dawa za generic, zisizouzwa kwa jina la kampuni iliyozibuni, iliyoanza 2006: dola 4 kwa siku 30, dola 10 kwa siku 90, na lisinopril imo. Yaya alikuwa akilipa 90 kwa miezi mitatu kwa kitu cha 10. Alijiunga kwa sababu programu ilimwonyesha kitufe wakati akijaza fomu nyingine. Kuanzia Januari hadi Julai, 210 zimekwenda. Mama yake hapa Katuba anakunywa amlodipine ya bahasha kutoka famasi ya mtaani, ananunua kipande kwa kipande, na anajua bei ya kila kidonge kwa franka. Mtoto wake mwenye benki na programu hakujua.

Simlaumu, na nadhani wanaomlaumu hawajatazama tunavyoishi. Hapa Lubumbashi karibu kila kitu tunalipa kabla. Umeme wa kadi ukiisha, giza. Megabaiti zikiisha, simu inanyamaza. Decoder usipoilipia, picha inakatika yenyewe katikati ya mechi, na wewe ndiye unayekimbia kwa wakala chini ya mwavuli kutuma pesa. Kusahau kunakuokolea pesa. Kule Yaya alikoenda, kusahau ndiko kunakolipa kampuni: huduma haikatiki hadi wewe uikate, na kuikata ni kazi yenye tarehe yake. Mtu aliyekulia kwenye utaratibu wa kwanza hana kabisa tabia ya kuvizia malipo ambayo hakuyatuma.

Kukata kwenyewe kulikuwa hivi. Tarehe 9 Julai alibonyeza kusimamisha dawa. Tarehe 14 zikakatwa 499 kama kawaida, kwa kuwa masharti yalitaka taarifa siku 7 kabla ya mzunguko na yeye alikuwa na tano. Dawa ilikuja, akaitumia. Tarehe 9 Agosti zikatoka tena 39, kwa sababu kusimamisha dawa hakusimamishi uanachama. Hivyo ni vitu viwili kwenye kurasa mbili. Hapo tukaandika barua.

Sheria ya kushika ilikuwepo. Tangu 2010 Marekani ina sheria, iitwayo kwa kifupi ROSCA, inayomtaka muuzaji wa mtandaoni mwenye malipo ya kujirudia aeleze masharti waziwazi kabla ya kuchukua kadi, apate ridhaa ya kweli, na aweke njia rahisi ya kusitisha. Si sheria ya kupamba ukuta: mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana Cerebral, kampuni ya tiba ya akili kwa mtandao, ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 7, na sehemu kubwa ilikuwa ya kuwarudishia wateja waliozungushwa walipotaka kujitoa. FTC ilipitisha pia Oktoba mwaka huo kanuni kali zaidi, kwamba kujitoa kuwe kwepesi kama kujiunga. Lakini Julai 2025 mahakama ya rufaa ya mkoa wa nane iliifuta kwa kasoro za utaratibu. Iowa iko chini ya mahakama hiyo hiyo. ROSCA yenyewe ilibaki.

Barua yetu ilikuwa fupi: tarehe ya kusimamisha, picha ya skrini, jina la sheria, kiasi kinachodaiwa. Dola 39 zilirudi ndani ya wiki. Zile 499 hatukuzidai, dawa ilikuwa imetumika. Kisha Yaya alipiga simu benki, kwa sababu kuna haki nyingine wachache wanaijua: mwenye akaunti anaweza kuiamuru benki isimamishe malipo ya kujirudia yaliyopangwa, mradi aseme angalau siku tatu za kazi kabla ya tarehe. Hilo ni tofauti na kusitisha mkataba, na kulifanya bila kusitisha mkataba kunaweza kukuachia deni. Afanye yote mawili.

Lililobaki ni gumu, na ndilo lililonifanya nikatae hesabu ya kilo. Baadhi ya washiriki wa utafiti ule wa 2021 walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, walikuwa wamerudisha kwa wastani theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Kilo hazinunuliwi zikawa zako. Dawa hii inafanya kazi unapoitumia, kama dawa ya presha, na kwa hiyo swali la "inagharimu ngapi hadi nimalize" halina jibu. Hakuna kumaliza. Ingefaa aulizwe siku ya kwanza: unaweza kulipa bei ya dozi kubwa, mara 13 kwa mwaka, kwa miaka mingapi? Fomu ya programu ilimuuliza urefu, uzito, mzio na anwani ya posta.

Na kusimama katikati kuna bei yake pia. Aliyekosa sindano kwa wiki kadhaa huenda daktari akamrudisha dozi ya chini, apande ngazi upya, pamoja na kichefuchefu chake. Kulipa miezi miwili, kuruka mmoja kwa sababu ya karo, kurudi tena, ni kulipia hatua zile zile mara mbili.

Kuna tantine (shangazi) yao wa mtaa wa Bel-Air aliyesikia haya yote akaomba atumiwe vichupa vilivyobaki. Dawa ni ya mtu aliyeandikiwa, vichupa havijakaguliwa na FDA, dozi yake inapimwa kwa bomba na FDA ilishatoa tahadhari Julai 2024 kuhusu watu waliojidunga kupita kiasi kwa kukosea vipimo hivyo. Na inataka friji, kwa umeme huu wa SNEL, shirika letu la umeme. Jibu lilikuwa hapana.

Familia ilikaa kwa simu Jumapili moja ya Agosti, spika imewekwa mezani Katuba, na nitasema ukweli kwamba sikupenda nusu ya kwanza ya kikao. Ilikuwa ya kumhukumu. Nusu ya pili, mama yao alipochukua simu, ilikuwa ya kupanga. Yaya alihamia kituo cha afya cha jamii pale Des Moines, vile vinavyopata fedha za serikali kuu na kutoza kulingana na kipato; alilipa dola 30 kwa ziara. Daktari alimwandikia lisinopril ile ile na kuongeza metformin kwa ajili ya sukari, zote mbili kwenye orodha ya dola 10 kwa siku 90. Metformin haimpunguzi mtu kilo 13. Ila kwa watu walio mpakani, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 ulionyesha inapunguza uwezekano wa kuingia kisukari kwa asilimia 31, na kubadili chakula pamoja na mwendo kwa asilimia 58. Septemba shule zilipofunguliwa, dola 250 zilifika.

Hadi Novemba alikuwa amerudisha kilo tano. Magoti yameanza tena. Mwezi huo huo Novo Nordisk ilishusha bei ya Wegovy kwa wanunuzi wasiotumia bima hadi dola 349, na Yaya aliniandikia nimpigie hesabu ya mwaka. Kwa malipo 12 ni 4,188. Kwa malipo 13 ni 4,537. Bila uanachama wowote. Kwa mshahara wake, na watu watatu wanaomtegemea Katuba, haiingii.

Bima ya kiwandani hailipii Wegovy. Inalipia Ozempic, ambayo ni semaglutide hiyo hiyo, kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Mpaka ni asilimia 6.5 kwenye kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Cha kwake, cha Agosti, kilisoma 6.2, na kinapimwa tena Januari.